Ziwa Lisilo na Chumvi

Kagunga, 9 Novemba 1996

Tangi la plastiki limepasuka. Mawimbi yalilibamiza kwenye magogo ya jukwaa, na asubuhi tulikuta nusu yake ikielea kama kipande cha kibuyu. Jukwaa lenyewe limesalimika. Ni mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa kwa magogo, ubavu kwa ubavu, kama wafanyavyo wavuvi wa dagaa, nalo limetiwa nanga mbali na ufuko, mahali ambapo maji bado ni safi. Pampu huyavuta kutoka kilindini, tunayatia klorini ndani ya tangi, yanatulia humo nusu saa, kisha yanasukumwa ndani ya mpira mweusi mpaka kwenye mabomba ya ufukoni. Nusu saa hiyo si anasa. Maji ya ziwa hili yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo klorini hufanya kazi polepole.

Ufukoni wamo watu wa Burundi waliokimbia vita, nao sasa wamewazidi wenyeji wa kijiji. Wanaingoja meli iwapeleke Kigoma, na kutoka Kigoma makambini. Meli haina haraka. Bila tangi watakunywa maji yale yale wanayoogea. Mganga wa zahanati aliniambia neno moja tu: kipindupindu. Mimi nimeajiriwa ili neno hilo lisitamkwe tena. Nina shahada ya uhandisi wa kemikali, nina masanduku mawili ya vitabu, na nina chumba cha kupanga kwa Bi Hasna, mchuuzi wa dagaa, mzaliwa wa Ujiji kama mimi. Natosha.

12 Novemba

Mvua. Watu wananywa ziwa.

Kigoma, 17 Novemba

Mkuu wangu, Injinia Telesphory, ni Muha wa Kasulu ambaye mbinu yake ya kubishana ni kunyamaza mpaka mpinzani achoke. Leo sikuchoka.

Tumekubaliana kwamba tangi jipya liwe la chuma kisichoshika kutu. Ugomvi ulikuwa ni chuma kipi. Yeye alitaka kile cha kawaida, kinachopatikana upesi.

"Sufuria za mke wangu ni za chuma hicho," alisema. "Hazijatoboka hata moja."

"Mkeo, Mzee, hapiki klorini."

Karani aliyekuwa akipiga chapa aliacha kupiga. Nikaendelea. Nilimweleza kwamba chuma hiki hujilinda kwa ngozi nyembamba isiyoonekana, itokanayo na kromiamu iliyochanganywa ndani yake. Kwamba klorini huitafuta ngozi hiyo mahali palipo dhaifu na kuitoboa. Kwamba ipo aloi nyingine, mchanganyiko mwingine wa metali, dada wa chuma hiki, iliyotiwa molibdeni kidogo, na molibdeni huizuia ngozi isichanike. Tangi liwe la aloi hiyo. Na ile pua ndogo ambamo klorini kali huingia kabla haijachanganyika na maji, hiyo iwe ya titani, kwa sababu pale hata molibdeni haifui dafu.

Alinyamaza. Kisha akauliza, "Kama titani ni bora hivyo, mbona tangi zima lisiwe la titani?"

"Kwa sababu haihitajiki. Titani na aloi kubwa za nikeli ni za mitambo ya katikati ya bahari, ambako chumvi na kemikali hushirikiana kula chuma. Ziwa Tanganyika si bahari, Mzee. Chumvi haimo."

"Chumvi haimo."

"Haimo. Nimeyapima maji mwenyewe."

"Haya, mhitimu," akasema, akachukua kalamu. "Agiza."

Nimeshinda. Nakiri kwamba nilirudi nyumbani kwetu Kasingirima kwa miguu, kwa njia ndefu, ili niufaidi ushindi wangu.

Kagunga, 2 Desemba

Tangi limesimama. Limeunganishwa na Feliksi, fundi wa kulehemu kutoka Kigoma, kijana wa umri wangu, mwenye maringo ambayo kwa mtu mwingine ningeyaita majivuno. Ni pana, fupi, limekazwa kwa mikanda ya chuma hicho hicho, na mfuniko wake ni bapa kama kitanda cha watu wawili. Jua lilipotoka baada ya mvua, tangi liling'aa hata wavuvi wakakinga macho.

Tulipokuwa tukilivuta kwenda jukwaani, Bi Hasna alisimama ufukoni na wenzake wachuuzi, akaweka mikono kiunoni.

"Nuhu! Mvua ndiyo hii, na chombo ndicho hicho. Wanyama umewaacha wapi, mwanangu?"

"Nimeanza na wachuuzi wa dagaa, Bi Hasna. Panda."

Wakacheka mpaka kanga zikawadondoka.

Mimi nitakuwa jukwaani asubuhi, kuchanganya klorini. Mchana nitashinda kwenye mabomba na zahanatini, nikipima maji ndani ya ndoo za watu, na jukwaa litashikwa na Agnesi. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyanza-Lac. Alivuka na binti yake mdogo, Yunisi, na mkoba wa chaki. Nilimweleza kazi mara moja, akairudia yote bila kukosea, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Nimempenda kwa swali hilo.

5 Desemba

Mvua.

6 Desemba

Mvua. Klorini imekaa sawasawa katika ndoo zote. Kuna wanaolalamika kwamba maji yananuka hospitali. Heri kunuka hospitali kuliko kulazwa humo.

15 Desemba

Msimu huu dagaa wa Kagunga hawaliki. Jua ni la kuibia, ufuko umejaa mahema, na wachuuzi wanaanika vipande vya mchanga vilivyobaki kati ya kamba na kamba. Kila tonge ni kutafuna changarawe. Isipokuwa kwa Bi Hasna. Leo ametupakulia dagaa wakavu, weupe, hawana chembe ya mchanga. Amewatia chumvi ya Uvinza, kama ilivyo desturi wakati wa mvua, ili wasioze kabla ya kukauka. Nilimsifu kwa sentensi iliyostahili kuandikwa.

"Kula, mwanangu," alinijibu. "Na wewe una mkono wako humo."

Adabu za Ujiji hizo. Hata sifa yake mtu hukugawia.

28 Desemba

Nimebishana na wachuuzi barazani kwa Bi Hasna. Wanasema wageni wamechukua mchanga wao. Niliwaeleza kwamba Ujiji yenyewe ilijengwa na wageni: waliotoka pwani, waliotoka Manyema, waliotoka ng'ambo ya ziwa; kwamba mji usiopokea watu hufa; kwamba babu zetu walilala kwenye mchanga wa watu wengine. Niliongea vizuri. Bi Hasna alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Historia haianiki dagaa," akaingia ndani.

Hoja nyembamba. Sikuijibu kwa sababu alikuwa amekwisha kufunga mlango.

10 Januari 1997

Ramadhani imeingia.

13 Januari

Nimeona kutu.

Nilidhani ni uchafu, nikafuta kwa kitambaa, haikutoka. Ni madoa mekundu, madogo kama mbegu za mtama, yamejipanga chini ya mikanda na kuzunguka ukingo wa mfuniko. Nilipochokonoa moja kwa ncha ya bisibisi, ncha ilizama. Chuma hiki kinaliwa kwa vishimo: juu tundu la sindano, ndani shimo. Ndiyo namna mbaya kuliko zote, kwa sababu jicho huliona tangi zima mpaka siku lisipokuwa zima.

Chumvi haimo ziwani. Klorini ndani ya tangi ni kidogo, aloi inaistahimili. Basi kosa ni la mkono. Fundi ametumia vijiti vya kulehemu vya bei rahisi, vya kuungia mageti, na sumu yake imeenea. Nimempigia Telesphory redio.

16 Januari

Feliksi amesimamishwa kazi. Telesphory aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema, nina hakika.

17 Januari

Mvua. Madoa yameongezeka.

21 Januari

Dawa ya kupimia aloi imefika kwa mashua ya asubuhi. Unadondosha tone juu ya chuma, unangoja, rangi inakueleza kama molibdeni imo. Nilidondosha ukutani: imo. Nikadondosha kwenye maungio ya Feliksi, moja baada ya jingine: imo, imo, imo. Vijiti vyake vilikuwa sahihi na kazi yake ni safi. Tena madoa mengi yako mahali ambapo moto wa kulehemu haukufika kabisa.

Nikalegeza mkanda mmoja. Chini yake palikuwa na ukoko mweupe, mgumu, wenye unyevunyevu. Kidole changu kilikuwa njiani kwenda mdomoni nilipokumbuka kwamba nimefunga. Nikaukwangua, nikaufunga katika karatasi, nikautia mfukoni. Kutwa nzima nilikuwa nao, nikiupapasa kama mtu mwenye barua asiyoweza kuifungua.

Adhana ya magharibi ilinikuta mkekani kwa Bi Hasna. Nilikunywa maji, nikafungua karatasi, nikalamba. Chumvi. Chumvi tupu, yenye harufu ya mbali ya samaki.

Bi Hasna akanisogezea sahani. Nikatia dagaa mdomoni. Ilikuwa ladha ile ile.

Nilimtazama. Alikuwa akimimina uji.

22 Januari

Leo sikwenda zahanatini. Baada ya adhuhuri nilipanda mtumbwi nikaenda jukwaani.

Walikuwapo wanawake sita. Dagaa walitandazwa juu ya mfuniko mzima na juu ya bati la pampu, wakimetameta, na maji ya chumvi yalitiririka polepole mpaka ukingoni na kutoweka chini ya mikanda. Agnesi alikuwa amechutama kando, akipima klorini kwa uangalifu uleule niliomfunza.

"Bi Hasna," nikasema, "mnafanya nini hapa?"

"Kwani leo ndiyo umeona?" Alistaajabu kweli. "Mwanangu, mwezi na zaidi umekula. Ulisema hawana mchanga. Ulidhani mchanga nimeuombea dua uondoke?"

Wenzake wakacheka.

"Nilikwambia una mkono wako humo," akaendelea. "Nikajua umeridhia. Chuma chako kinashika moto, jua likitoka kidogo tu dagaa wanakauka. Na tukimaliza tunakusafishia. Tunamwaga maji, tunafagia, halibaki hata gamba."

Hapo nikaelewa. Hayo maji ya kusafishia ndiyo yaliyoisukuma chumvi ndani ya kila ufa, siku baada ya siku, kwa usafi na heshima. Ufa ulikauka, ukalowa, ukakauka, mpaka chini ya mikanda yangu ikatokea bahari ndogo. Na mvuke wa klorini, uliopenya ukingoni mwa mfuniko, ukaikuta huko. Ule ushirika wa chumvi na kemikali niliousimulia ofisini kwa ufasaha mkubwa, nikasema haupo kwetu.

Nikamgeukia Agnesi, maana ghadhabu hutafuta mahali pa chini pa kushukia. "Nilikukabidhi jukwaa."

"Ego, ndiyo, ulinikabidhi," akajibu, na akasimama. "Bwana Nuhu, hema langu unajua liko wapi?"

"Ufukoni."

"Liko juu ya mchanga wa Bi Hasna. Asubuhi ya kwanza alikuja na kapu la dagaa kichwani, akanikuta nimelala na mwanangu pale pale anapoanika. Hakunifukuza. Alitutazama, akageuka na kapu lake. Baadaye akaniuliza kama anaweza kuanika huku. Wewe ungemwambia hapana?"

Nimebishana na maprofesa. Mwalimu huyu alinishinda.

Mwishowe niliwaeleza habari ya chumvi, nikawaonyesha mashimo. Hawakubisha. Walikusanya dagaa, nusu wabichi, wakawarudisha makapuni. Bi Hasna alipokuwa akishuka mtumbwini alisema, bila kunitazama:

"Sawa, hatutapanda tena. Ila uniambie nitaanika wapi. Na usinijibu kwa historia."

25 Januari

Sijampigia Telesphory redio. Nasema nangoja ushahidi ukamilike.

Ushahidi umekamilika.

27 Januari

Nimepiga. Nilisema: Feliksi hana kosa, kosa ni langu, nilichagua chuma cha ziwa lisilo na watu.

"Rudia," akasema Telesphory.

Nikarudia.

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka wewe ndiye usikie."

Nimekaza mikanda mipya ya mpira. Haitoshi. Tangi jingine litachukua majuma kuja.

1 Februari

Limepasuka. Upepo ulivuma tangu alfajiri, mawimbi yakapanda juu ya jukwaa, na mimi na Agnesi tulikuwa tumelikumbatia tangi kama watu wanaomzuia mlevi. Lilifunguka ubavuni, kwenye mstari wa vishimo, kwa sauti ndogo mno kwa jambo kubwa kiasi kile. Maji yote safi ya Kagunga yalitupita magotini yakarudi ziwani.

Tulipofika nchi kavu mabomba yalikuwa yanakohoa. Foleni ilisubiri kidogo. Kisha mama mmoja aliondoka na ndoo yake akaenda kuchota ukingoni, na wengine wakamfuata. Nilipiga kelele. Nilisimama mbele yao nikieleza vijidudu. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, kwa Kirundi, na Agnesi akanitafsiria: "Anasema, kiu haisomi."

3 Februari

Kipindupindu. Zahanati imejaa, wengine wamelazwa chini ya turubai. Yule mzee mpole amekufa. Mchana Agnesi hakuja kazini. Yunisi ameanza kutapika.

4 Februari

Naandika nikiwa nimefuturu kwa kusimama.

Asubuhi nilimkuta Bi Hasna ufukoni amewakusanya wachuuzi wote na mitumbwi yao. Ndani yake kulikuwa na mapipa ya kusafirishia dagaa, yamesuguliwa mpaka yakawa meupe.

"Maji safi yako kule kule jukwaani, si ndiyo?" akauliza.

"Kule kule."

"Na dawa unayo?"

"Ninayo."

"Sasa unangoja chuma cha nini?"

Wakapiga makasia. Mapipa yalirudi yamejaa maji ya kilindini, nasi tukaanza kutia dawa ndoo kwa ndoo, kila mwenye ndoo mbele yetu. Agnesi alikuja. Macho yalikuwa mekundu, akaanza kupima klorini. Nikamwambia arudi kwa mtoto.

"Mtoto ana mganga," akajibu. "Ndoo hazina."

Tatizo lilikuwa ile nusu saa. Nani angojee nusu saa na ndoo iliyojaa mbele yake? Nilivua saa yangu nikampa Bi Hasna. Alitandika mkeka kati ya ndoo zilizotiwa dawa na watu wenye kiu, akaketi, amefunga, koo lake kavu kuliko la yeyote pale.

"Mimi sijanywa tangu alfajiri na sijafa," akatangaza. "Atakayekunywa kabla sijamruhusu atanijua."

Mtu mmoja alijaribu. Alimjua.

6 Februari

Wagonjwa wapya wamepungua. Yunisi anakunywa maji ya chumvi na sukari. Chumvi nayo ina upande wake mwema. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

9 Februari

Idi. Yunisi ametoka zahanatini mgongoni kwa mama yake. Tumezika watu wanne kwa jumla, na ningependa kuwaandika kwa majina, lakini majina mawili hatukuwahi kuyajua.

20 Februari

Telesphory amekuja mwenyewe. Alizunguka ufuko wote kimya, akatazama mkeka wa Bi Hasna, akatazama tangi lililopasuka. Kisha akasema wafadhili wa mradi wameshtuka na wako tayari kulipia aloi yoyote nitakayo, hata titani.

"Chagua, mhitimu."

"Chuma kile kile cha molibdeni."

"Kilichotoboka?"

"Kilichotiwa chumvi. Na tofauti ya bei tununue nyavu za waya na nguzo, tujenge vichanja vya kuanikia dagaa pale juu, nyuma ya mahema."

"Nuhu, fedha hii ni ya vifaa vya maji."

"Kichanja ni kifaa cha maji. Dagaa wakiwa na mahali pao, chumvi haitafika kwenye tangi. Titani ingestahimili chumvi, naam, lakini pampu ingeoza, na nati, na mabati; na Bi Hasna bado angekuwa hana pa kuanika."

Alinyamaza. Nami nikanyamaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuijaribu silaha yake, na nilishangaa jinsi inavyouma kuishika.

"Utawaelezaje wafadhili?" akauliza hatimaye.

"Kama nilivyokueleza wewe molibdeni. Mpaka wachoke."

Akacheka. Sikujua kwamba ana mwanya.

11 Machi

Feliksi amerudi, na vifaa vya tangi jipya na vya vichanja. Nilimpokea gatini.

"Fundi, nilikukosea."

"Najua. Ulisema vijiti vyangu ni vya mageti."

"Nilisema."

"Basi leo wewe ndiye wa kunivutia nyaya za kulehemu."

Nilimvutia nyaya kutwa nzima, nikipanda nikishuka na mzigo wake. Alipata visababu vingi vya kuzihamisha.

6 Aprili

Meli imewachukua watu wa upande wa kaskazini wa ufuko, Agnesi akiwamo. Yunisi alipanda akiwa ameshika kifurushi cha dagaa kikubwa kuliko kichwa chake. Agnesi aliniachia kipande cha chaki. Alisema nitakapokutana na swali lisilo na jibu niliandike ukutani, nisilirukie. Nilitaka kumbishia. Meli ikapiga honi.

Baadaye nilisimama na Bi Hasna mahali lilipokuwa hema la Agnesi. Mchanga pale ulikuwa mkavu, umebaki na umbo la watu wawili waliolala.

"Haya, mchanga wako umerudi," nikamwambia.

"Uache," akasema. "Dagaa wa mchanga siku hizi nani anunue?"

Akapandisha kapu lake mpaka kwenye vichanja. Cha mwisho kina kitanda cha chuma badala ya wavu: ni ule mfuniko wa tangi la zamani, ambao Feliksi aliukata na kuufunga juu ya nguzo nne. Bi Hasna akamwaga dagaa wabichi, akawatandaza kwa kiganja, akainama kuchungulia chini yake.

"Njoo uone, Nuhu! Chuma chako sasa ndiyo kimeiva."

Nikainama kando yake. Maji ya chumvi yalikuwa yakidondoka mchangani, tone baada ya tone, kupitia kila tundu la kutu.